Tusilishe Mji kwa Mkopo: Duka la Mwenyeji Ndilo Soko Letu



Vikundi vya mboga na matunda kuzunguka Jiji la Arusha vina swali moja linalojirudia kila kikao: "Bwana shamba, tufanyeje ili tuuze supamaketi?" Ni nadra mtu kuuliza afanyeje ili auze kwa duka la mboga la Sakina, kwa mama lishe wa Kilombero au kwa mgahawa wa mwenyeji wa Njiro. Tumejengewa imani kwamba mnunuzi mwenye jengo kubwa na mlango wa kioo ndiye mkombozi, na huyu mwenye meza na mizani ni wa kumuuzia mabaki.

Imani hiyo si ya kweli, na imeshawagharimu wazalishaji wengi. Msimamo wangu ni huu: mkulima mdogo ajenge soko lake kwanza kwa biashara za wenyeji, ndogo na nyingi. Mkubwa aje baadaye, tena kwa masharti yetu.

Yaliyotokea tuliyaona wenyewe

Jengo la TFA pale Arusha mjini ni shahidi. Palikuwa na Shoprite ya Afrika Kusini. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake matatu ya Tanzania, mawili ya Dar es Salaam na hilo la Arusha, kwa Nakumatt ya Kenya, ikaondoka. Oktoba 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Kisha Nakumatt yenyewe ikayumba. Rafu zikabaki tupu kwa sababu waliokuwa wakipeleka mali walichoka kudai. Januari 2020 wanaoidai walipiga kura kampuni ifungwe, ikiwa na madeni yanayozidi shilingi bilioni 30 za Kenya.

Kampuni ikifilisika, haiangalii nani ameanza kudai. Benki iliyoshika dhamana inatangulia. Aliyepeleka maziwa, mayai na pilipili hoho bila dhamana yoyote yuko mwisho wa foleni, na mara nyingi fedha huisha kabla foleni haijamfikia.

Sisemi haya kwa sababu ya uraia wa wenye maduka hayo. Tatizo ni namna biashara ilivyopangwa: uamuzi unafanyika mbali, mali inachukuliwa kwa mkopo, na hasara ikija inateremka ngazi kwa ngazi mpaka shambani. Siku duka linafungwa, wewe huna wa kumwuliza. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Piga hesabu kabla ya kushangilia bei

Tuchukue mfano. Unavuna kilo 200 za hoho kila wiki. Mnunuzi mkubwa anakupa shilingi 1,500 kwa kilo, analipa baada ya siku 60. Maduka ya wenyeji yanakupa 1,350, yanalipa kila wiki. Wengi wanakimbilia 1,500.

Sasa tazama. Kwa mkubwa, kila mzigo ni shilingi 300,000. Mpaka malipo ya kwanza yaje, umeshapeleka mizigo tisa. Yaani shilingi 2,700,000 zako ziko mikononi mwa mtu mwingine, na shamba linadai mbolea, dawa na vibarua. Kwa wenyeji, fedha yako iliyo nje haizidi mzigo mmoja, shilingi 270,000.

Bei ya mkubwa imekuzidishia shilingi 30,000 kwa mzigo. Kwa mizigo tisa ni 270,000. Kwa hiyo, ili upate nyongeza ya 270,000, umeweka 2,700,000 hatarini. Na kama katikati ya hiyo miezi miwili ulikopa laki tano kwenye kikoba kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, umeshatoa laki moja. Ongeza mzigo uliokataliwa mlangoni na nauli ya kufuatilia malipo, uone kinachobaki.

Bila kuhesabu siku za kungoja, bado hujajua bei yako. Mkulima anayelipwa baada ya siku 60 anamkopesha mwenye duka bila riba.

Shilingi yako inalala wapi?

Duka la mwenyeji likipata faida, faida hiyo haiendi mbali. Inamlipa fundi seremala aliyetengeneza meza, kijana wa bodaboda anayesambaza mizigo, ada ya shule ya hapo hapo, na mchango wa msiba wa jirani. Sehemu inarudi kwako kwa sababu mwenye duka anataka mzigo tena Jumatano. Akikwama kulipa, nyumba yake unaijua, na mnaonana kanisani, msikitini au kwenye gulio la Tengeru.

Lakini hapa nawageukia wasomaji wangu. Wewe unayelalamika kwamba mji haununui kwako, ukishauza unanunua wapi? Unapeleka mahindi mjini kwa gunia, unarudi na unga uliofungwa mbali, ukipita mlangoni kwa mashine ya kusaga ya kata yako. Kiti cha plastiki unanunua, seremala wa kijijini hana kazi. Hatuwezi kudai watu wa mjini waunge mkono biashara za wenyeji ilhali sisi wenyewe tunazipita. Mbegu bora, bati na viuatilifu vilivyosajiliwa nunua vinakopatikana, hilo sina ugomvi nalo. Kinachotengenezwa vizuri jirani yako, anza nacho.

Biashara ya karibu pia inaokoa shamba

Mchicha uliovunwa jioni kwenye miteremko ya Meru unaweza kuwa mezani Kijenge asubuhi bila kukaa kwenye chumba cha baridi. Mafuta, umeme na muda vinaokolewa, na mboga inafika ikiwa hai. Mnunuzi wa karibu pia anakubali uvune kidogo kidogo. Si lazima uvune lori zima siku moja na kutupa theluthi iliyobondeka.

Kuna suala la lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wanaosimamia. Lumbesa inakuibia kilo, inamvunja mgongo mpagazi na inaponda mazao ya chini. Kila nyanya iliyosagika njiani imeondoka na maji, mbolea na samadi ya shamba lako. Ukiwa na wateja unaowafahamu, pima kwa kilo na usafirishe kwa kreti zinazorudi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kreti na kikapu si ushamba.

Tena gari lako lisirudi tupu. Mabaki ya mboga kutoka masokoni na migahawani huishia dampo, kwa Arusha ni Murriet, ambako yanaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani inayoongeza joto la dunia. Shambani mabaki hayo hayo ni mboji. Kubaliana na mgahawa wakutengee maganda kwenye ndoo yake, yasichanganywe na plastiki, chupa wala mafuta. Panga tabaka la majani makavu, tabaka la maganda, samadi kidogo, mwagia maji yawe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, kisha geuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi una mbolea. Mnunuzi aliye mji mwingine hawezi kukurudishia maganda.

Wanaopinga wanasema hivi

Wanasema mkubwa ananunua kingi. Kweli. Lakini maduka na migahawa 10 yanayochukua kilo 20 kila moja ni kilo 200 zile zile. Moja likifunga, umepoteza sehemu moja kati ya kumi. Mkubwa mmoja akifunga, umepoteza msimu.

Wanasema mkubwa anatufundisha ubora. Ubora ni kupanga kwa madaraja, kusafisha, na kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kiuatilifu. Hayo hayahitaji mlango wa kioo. Ukipuliza dawa leo ukavuna kesho, unamlisha sumu mtu wa Sakina sawasawa na mtu wa hoteli ya kitalii. Kama ubora wako unamsubiri mkaguzi, huna ubora.

Wanasema wenyeji nao ni wezi. Hapa wana hoja. Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo kununua mazao shambani, na raia anayewasaidia kukiuka naye anaadhibiwa. Wengi walishangilia. Lakini dalali raia akija na lumbesa na mizani iliyochezewa, uraia wake hautakurudishia kilo zako. Ninaposema tuunge mkono wenyeji, nina maana ya mwenyeji anayepima kwa haki, analipa kwa wakati na hafichi bei ya mjini. Mwenyeji mwizi asipewe mzigo. Na mkulima anayeficha viazi vilivyooza chini ya gunia asidai kuungwa mkono na mtu yeyote.

Halmashauri nazo zisikwepe

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sheria ya Ununuzi wa Umma nayo inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu. Shule za bweni na hospitali zinanunua mchele, maharage na mboga mwaka mzima. Mbona sehemu kubwa ya fursa hiyo haifiki kwenye vikundi vyetu? Sababu moja iko kwetu: vikundi havina usajili wala havipo kwenye mfumo wa NeST, na kikundi kisichokuwemo humo hakionekani. Sababu nyingine iko kwao: tangazo linawekwa, lakini hakuna anayeshuka kijijini kueleza. Kazi ya kueleza ni yetu maafisa, na mna haki ya kutudai.

Na kabla ya kukaribisha jengo jingine la maduka, masoko yaliyopo yapate kivuli, maji, vyoo na mizani iliyokaguliwa. Mama anayeuza mboga kwenye tope naye ni mwekezaji.

Fanya haya msimu huu

1. Kaeni watu 10 hadi 15 na mpange zamu za kupanda, ili mboga ipatikane kila wiki, si yote mwezi mmoja.
2. Tembeleeni maduka, migahawa na shule 10 za mjini. Muulize wanachukua nini, siku gani, kilo ngapi. Andikeni.
3. Kubalianeni bei kwa kilo na siku ya malipo. Mteja mpya alipe taslimu. Mteja mzoefu asizidi siku 7. Deni la zamani halijalipwa, mzigo mpya haushuki.
4. Kila mzigo uwe na karatasi mbili za makabidhiano zenye tarehe, kilo, bei na sahihi ya mpokeaji. Deni lisilo na sahihi ni hadithi.
5. Nunueni mizani moja ya kikundi na muipeleke kukaguliwa na Wakala wa Vipimo.
6. Fahamuni haki yenu ya barabarani: tangu mwaka wa fedha 2017/18, mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yamesamehewa ushuru. Mkidaiwa, ombeni stakabadhi na muulize ni kwa kifungu gani.
7. Mkubwa akija, asizidi robo ya mazao yenu, na mkataba useme siku ya malipo na nani anabeba hasara ya mzigo uliokataliwa.

Mfanyabiashara wa kijijini, wewe ndiye daraja. Ukiwa na pikapu na simu unaweza kuhudumia maduka hayo 10 kwa niaba ya kikundi na ukaishi vizuri kwa kamisheni ya wazi. Waambie wakulima umeuza shilingi ngapi na umechukua shilingi ngapi. Dalali wa aina hiyo hakimbiwi.

Arusha inajenga uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuyaandaa kwa pamoja. Wageni watakula. Swali ni nani atawalisha: mama lishe na mgahawa wa mwenyeji wanaonunua kwako, au malori ya watu wasiojua njia ya shambani kwako? Atakayekuwa amejipanga na maduka yake kabla ya hapo ndiye atakayepata. Atakayesubiri mlango wa kioo ufunguliwe atasimama nje na kreti zake.

Kwa leo naishia hapa. Vikundi vinavyotaka kielelezo cha karatasi ya makabidhiano, mwoneni afisa ugani wa kata yenu. Akiwa hana, mwambieni aitengeneze nanyi. Ni kazi ya nusu saa tu.