Picha za Pwani Ziko Paris, Bagamoyo Inazihitaji

Mgeni anayeuliza Bagamoyo habari za Wazungu wa zamani hutajiwa majina yale yale: Burton na Speke waliovuka kutoka Unguja mwaka 1857, Stanley aliyepanga msafara wake hapa mwaka 1871, na Livingstone ambaye maiti yake ilifikishwa katika misheni ya hapa Februari 1874. Jina la Charles Guillain halitajwi. Nahodha huyu wa jeshi la majini la Ufaransa alizunguka katika maji ya Afrika Mashariki kuanzia 1846 hadi 1848, akiwa na merikebu ya milingoti miwili iitwayo Ducouëdic, na katika mizigo yake mlikuwa na kitu ambacho wakazi wengi wa mwambao hawakuwahi kukiona: mtambo wa kupigia picha.

Ufundi huo ulikuwa mchanga mno. Serikali ya Ufaransa iliutangazia ulimwengu uvumbuzi wa Louis Daguerre mwaka 1839. Mpiga picha alitwaa bamba la shaba lililopakwa fedha, akalisugua hadi liking'ae kama kioo, akalifukiza kwa iodini, akaliingiza kwenye sanduku lenye lenzi, kisha akaidhihirisha sura kwa mvuke wa zebaki. Aliyekuwa akipigwa picha alitakiwa kutulia tuli, maana akitikisika sura ilivurugika. Na kila bamba lilikuwa moja tu. Hakukuwa na filamu ya kusafishia nakala nyingine, kwa hiyo bamba likipotea, na sura imepotea.

Baadhi ya mabamba hayo yamesalimika. Yamehifadhiwa Paris, katika jumba la makumbusho la Quai Branly, na ni miongoni mwa picha za kale kabisa za watu wa Afrika Mashariki zilizobaki duniani.

Guillain hakuishia kwenye picha. Aliporudi kwao aliandika habari za safari yake katika juzuu tatu, zilizotolewa Paris mwaka 1856 na 1857. Juzuu ya kwanza inafuatilia habari za pwani hii tangu zama za kale. Mbili zinazofuata zinasimulia safari yenyewe, miji aliyoifikia, biashara yake na watawala wake. Zikafuatana na albamu kubwa ya michoro. Wachapaji wa enzi hiyo walikuwa hawajaweza kupiga chapa picha zenyewe kwa wingi, hivyo mafundi wa Paris walizinakili kwa mkono juu ya mawe laini, wakapaka wino, wakapiga chapa karatasi moja moja. Seti kamili, juzuu tatu pamoja na albamu, leo ni adimu, na ikitokea sokoni bei yake haiwezwi na maktaba yoyote ya wilaya.

Wasomaji wa Pwani hawana budi kuijua nia ya safari ile. Guillain alitumwa kutazama biashara. Mwaka 1844 Ufaransa ilikuwa imefunga mkataba na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, na wafanyabiashara wake wa kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa kinaitwa Réunion, walitaka kujua Unguja ina nini cha kuuza. Kabla ya hapo historia ya Wafaransa hapa ilikuwa chungu: mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulipigwa marufuku 1848, mwaka ule ule safari ya Ducouëdic ilipokoma. Guillain mwenyewe baadaye akawa gavana wa New Caledonia. Kalamu yake, basi, ni ya mtumishi wa dola iliyokuwa ikijitanua, nayo isomwe hivyo.

Hata hivyo isomwe. Pembe za ndovu na sandarusi zilizokuwa zikipakiwa Unguja zilitoka Mrima, mwambao unaoikabili Unguja, na Sayyid Said aliulinda kwa wivu. Mkataba wake na Waingereza wa mwaka 1839 uliwazuia wasinunue bidhaa hizo mbili kokote kutoka Mtang'ata hadi Kilwa. Iliwapasa wazifuate Unguja. Ndiyo sababu merikebu za Ulaya na Marekani zilijazana bandarini Unguja, ilhali mzigo uliteremshwa na wapagazi upande huu, kwenye fukwe za Bagamoyo, Saadani na Pangani. Anayetaka kuielewa Bagamoyo ya miaka ya 1840 hawezi kuitenga na Unguja aliyoiona Guillain. Ni soko moja lenye mlango huku na mlango kule.

Lakini katika nyingi ya picha zile za Guillain, aliyekaa mbele ya sanduku anatambulishwa kwa kabila au kwa mahali alikotoka. Jina lake, ukoo wake na kazi yake havipo. Kuna mwanamke aliyesukwa nywele kwa ustadi, na haijulikani nani alimsuka. Hapo ndipo Bagamoyo inaposhika kalamu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa mji huu aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1903. Anaeleza harusi, unyago, mavazi, safari za bara na maziko kwa lugha ya mtu aliyeyaishi. Ukiziweka picha za Guillain kando ya maelezo ya Mtoro, ingawa nusu karne inawatenga, mgeni anakupa sura na mwenyeji anakupa maana yake.

Kazi hiyo ifanyike, na ifanyike Bagamoyo. Mji umo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 2006, kama sehemu ya njia ya watumwa na pembe za ndovu. Unayo Ngome Kongwe, unayo magofu ya Kaole, unalo jumba la makumbusho la misheni ya mapadri waliotoka Ufaransa, waliofika mwaka 1868 baada ya wenzao kuanzia Unguja wakitokea kisiwa kile kile cha Réunion. Ukuta wa kutundikia picha upo.

Hakuna haja ya kuanza na madai makubwa ya kurejeshewa mabamba yenyewe, ambayo ni dhaifu na yanaharibika upesi. Wizara inayosimamia malikale iiombe Paris nakala bora za kidijitali, pamoja na ruhusa ya kuzichapisha bila malipo kwa matumizi ya elimu. Juzuu tatu tayari zinapatikana kwenye maktaba za intaneti kwa Kifaransa. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zigawane sura na kuzitafsiri, zikianza na zinazoihusu Unguja na Mrima. Kisha picha zipelekwe kwanza kwa wazee wa Dunda, Kaole, Saadani na Pangani, kabla ya kuandikiwa maelezo ya ukutani. Wao ndio watakaosema ule msuko unaitwaje, kilemba kile kilifungwa na nani, na nguo ile ilivaliwa siku gani.