Mama akipumzika, nani anabeba bidoni?

Pengine umeona picha hizo kwa simu. Wanawake weusi, wengi wao wa Marekani, wamekaa mbele ya bahari kule Jamaica ao Grenada. Asubuhi wananyoosha viungo, mchana wanakandwa mgongo, jioni wanakaa pamoja kusimulia yale yanayowachosha. Simu zimezimwa. Ni siku tano ao wiki moja, na inalipwa kwa dola. Hapa Kolwezi mtu akiona vile anacheka: "Ile ni mambo ya benye franga."

Tusicheke haraka. Katika picha zile kuna swali linalofika mpaka hapa Dilala: mama akipumzika, ni nani anabeba mzigo wake?

Tuanze na sababu ya safari zile. Audre Lorde alikuwa mshairi wa New York, wazazi wake walitoka Karibi. Mwaka 1988, akiwa anaugua saratani, alitoa kitabu ambamo aliunganisha kutunza mwili wake na mapambano ya watu weusi. Miaka ya mwisho aliishi kwenye kisiwa cha St. Croix, na huko alifariki 1992. Mwaka ule ule wa 1992, mtafiti Arline Geronimus wa Marekani alieleza kwamba afya ya wanawake weusi inachakaa mapema juu ya mahangaiko yanayorundikana mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo pumziko si mapambo. Mtu asiyepumzika anafupisha maisha yake.

Lakini angalia picha vizuri. Nani amepika chakula kile? Nani anafua mashuka ya hoteli? Mara nyingi ni mwanamke mweusi mwingine, wa kisiwa kile kile, ambaye jioni anarudi kwake kupikia watoto. Mzigo wa mama mmoja umeshuka kwa sababu mwingine amelipwa kuubeba. Mzigo haupotei, unabadilisha kichwa.

Sasa turudi kwetu. Saa kumi na moja alfajiri mama wa Dilala ameamka. Anatafuta mayi, anawasha makala, anatayarisha watoto. Halafu anaenda sokoni, shambani, ao kwenye mawe. Wamama wanaofanya kazi ya madini kwa kawaida hawaingii kwenye shimo, maana kuna imani kwamba mwanamke anafukuza madini. Wao wanaosha, wanachagua, wanabeba. Ripoti ya Amnesty International ya 2016 ilieleza kazi hiyo ya kuosha mawe kwenye ziwa Malo, karibu na Kapata. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, hapa Kolwezi, walikuwa na kobalti nyingi ndani ya mkojo na damu, zaidi sana watoto. Jioni mama anarudi, bukari inamungoja imwagwe, mikono ni yake.

Wazee watasema haikuwa hivi siku zote. Wakati wa Gécamines, kampuni ilibeba sehemu ya mzigo: hospitali, masomo, mayi, nyumba, na hata fwaye sosiali ambamo wamama walikutana kushona na kujifunza. Tusiisifu kupita kiasi, maana ile fwaye ilitaka pia kumfundisha mwanamke akae nyuma ya bwana yake. Lakini mlango ulikuwepo. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, halafu wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi 2003 na 2004, mzigo ule wa kampuni ulienda wapi? Haukuenda kwa serikali. Ulienda juu ya kichwa cha mama.

Na mama akishindwa, unashuka kwa mutoto wake mwanamuke. Hapo njo shida kubwa. Masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini yaya mkubwa mwenye miaka 12 anakosa darasa kwa sababu mama ana homa na kuna mdogo wa kubeba mgongoni. Tukisema "mama apumzike" bila kusema nani atabeba bidoni, tumemtuma binti huyo.

Wengine watasema: lakini wamama wanapata siku za kukaa. Tangu tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje ya nchi, halafu tangu tarehe 16 mwezi wa kumi ikaweka kiasi maalum kwa kila kampuni. Mnunuzi akipunguza kununua, mwenye kuosha mawe anakaa. Lakini siku bila kazi si pumziko. Ukikaa huku unawaza watoto watakula nini, mwili umekaa, roho inakimbia. Pumziko ni siku ambayo umesimama na chungu bado kiko juu ya moto.

Sheria inajua jambo hili. Kanuni ya kazi ya 2002 inampa mwanamke mja mzito wiki 14 za konje, sita mbele ya kuzaa na nane nyuma. Ni vizuri kwa yule mwenye mkataba. Muuza sombe na mwosha mawe hawana mkataba, kwa hiyo wiki zile 14 kwao ni maneno ya karatasi.

Je, inchini mwetu kuna mahali wamama wanapumzika kweli? Iko. Huko Bukavu, City of Joy ilifunguliwa 2011, na Christine Schuler Deschryver, daktari Denis Mukwege na mwandishi wa Marekani Eve Ensler, ambaye leo anaitwa V. Wanawake walioteswa na vita walipokewa kwa vikundi vya 90, wakakaa miezi sita: kutunzwa, kusoma, kulima, kucheza, kusimulia. Nguvu ya nyumba ile ni kwamba wengine walibeba mzigo wote kwa muda ule. Lakini hata pumziko hilo linahitaji amani nyuma ya ukuta, na mwezi wa pili 2025 M23 iliingia Bukavu.

Hatuna bahari hapa Dilala, na hatungojee mfadhili. Tuna likelemba. Wamama wanaijua kuliko benki. Na kwenye vikundi vya AVEC kuna tayari sanduku la mshikamano kwa ugonjwa na kilio. Juu ya nini tungojee kilio? Chukua mfano: wamama 12, kila mmoja anaongeza 1,000 FC kwa wiki. Ni 12,000 FC kila wiki, zinaenda kwa mmoja, kwa zamu. Wiki yake, anakaa siku moja ao mbili. Mwenzake mmoja anapika kwake, mwingine anachota mayi, binti anaenda masomo. Franga ni kidogo, haijazi mfuko. Lakini kitu kikubwa si franga, ni ile zamu ya mikono. Na mama aliyejifungua apewe zamu ya kwanza bila kupiga kura.

Tunajua kikundi hakiwezi yote. Likelemba haitoi kobalti ndani ya damu. Ndiyo maana lazima tudai pia. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inaamuru kampuni zitoe angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Mikutano ya kuchagua miradi ikifika, mara nyingi tunaomba jengo linaloonekana mbali. Tuombe kisima karibu na nyumba, na mahali pa kulinda watoto wadogo wakati mama yuko kazini. Kisima kimoja karibu kinampa mama saa nzima kila siku. Hakuna hoteli ya Karibi inayotoa hiyo.

Na kwa wababa: mama akikaa mchana mmoja chini ya mwembe, usiulize "Uko mugonjwa?" ao "Umekuwa muvivu?" Chukua bidoni. Njia ya kisima haichagui mwanaume ao mwanamuke.