Mwami Hashuki Farasini?

Kuna maneno yamenichosha. Mpaka leo ikitajwa tamthilia ya Sultan, ile ya Waturuki ambayo Azam TV iliirusha kwa sauti za Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 2010, hakosi mheshimiwa mmoja wa kusimama na kudai vijana tumepotea, eti tunavijua vyumba vya kasri la Istanbul kuliko historia ya kwetu. Wanayasema semina, wanayasema hata msibani. Nami nauliza: hiyo historia ya kwetu mmetuonyesha wapi?

Nimeitazama Sultan katika kibanda umiza hapa Kasulu, na nyingine nikaimalizia Kibondo kwa shangazi. Sikuona mpotevu mle ndani. Niliona wahakiki. Msimu wa nne ulipoanza na Hurrem akaja na sura nyingine (Meryem Uzerli aliacha kuigiza 2013, nafasi yake akaishika Vahide Perçin), kibanda kizima kilizomea. "Huyu siyo Hurrem, huyu mama mkwe wake!" Mama mmoja muuza migebuka akamtetea: mtu akae ikulu ya fitina miaka yote hiyo, halafu mnataka abaki na sura ya harusini? Mabishano yakawaka. Nilisoma fasihi hadi kidato cha nne, na darasani sikusikia mjadala wa mhusika uliofika hapo.

Ila tofauti yetu na Waturuki ni kwamba sisi tuligombania mwigizaji, wao waligombania mfalme mwenyewe. Tamthilia ilipoanza kwao Januari 2011, mamlaka ya utangazaji ilimiminiwa malalamiko zaidi ya 70,000. Kosa? Suleiman kaonyeshwa akinywa, akihangaika na masuria. Novemba 2012 Erdoğan, wakati huo Waziri Mkuu, naye akafoka hadharani: babu yetu aliishi miaka 30 juu ya farasi, si katika vyumba vile. Haya, ikafungwa? Thubutu! Meral Okay, mama aliyeianza kuiandika, alifariki Aprili 2012, wenzake wakaendelea nayo mpaka Juni 2014. Na Februari mwaka huohuo, Mustafa alipouawa kwenye kipindi kwa amri ya baba yake, watu walifurika kaburini kwake mjini Bursa. Mustafa aliuawa 1553, bwana! Miaka 461, na watu wanamwendea kama aliyezikwa juzi.

Waliokasirika na waliolia walikuwa kitu kimoja: Suleiman alikuwa wao. Na alikuwa wao kwa sababu mtunzi alimshusha farasini.

Sasa tazama Buha. Heru ilikuwa huku Kasulu, Muhambwe kule Kibondo, na tawala nyingine kadhaa. Mwami ana kiti na ng'ombe wa kugawia watu wake. Mteko ana ardhi na matambiko yake, na ukoo wake ulikuwepo kabla ya wa mwami. Wewe unayejifunza kuandika, nikuongezee nini? Hiyo si fitina tayari? Akaja Mjerumani. 1916 akaja Mbelgiji, akakaa mpaka 1921, kisha Mwingereza. Miaka ya 1940 Heru ikampata Mwami Theresa Ntare, mwanamke, akatawala mpaka uchifu ulipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hurrem alitawala kwa kunong'ona nyuma ya pazia. Huyu alikaa kitini mchana kweupe, hapahapa Kasulu!

Zanzibar angalau wamethubutu: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, Amil Shivji aliifanya filamu 2021. Sisi wa huku milimani je? Nawajua wenzangu tunaosomeana miswada. Kila hadithi inaanza stendi ya Dar es Salaam: msichana katoka bara, begi mkononi, tapeli anamsubiri. Jamani! Huyo tapeli hajachoka?

Najua kinachotuzuia, na siyo uvivu peke yake. Tunaogopa wazee. Nilimsomea mzee mmoja kurasa tatu za riwaya yangu. Mwami wangu, wa kubuni kabisa, anaumwa tumbo usiku, na anamwogopa mke wake mdogo. Mzee akakunja uso. Mwami haogopi mke, akasema. Andika alivyopigana na Watuta.

Yaleyale ya juu ya farasi! Na ni mzee huyuhuyu aliyekuwa akituma wajukuu wamwahie kiti kibandani, na aliyenuna siku mbili Mustafa alipouawa.

Watuta nitawaandika, wana nafasi yao. Lakini zile kurasa tatu sikuzifuta. Mke mdogo nimemwongezea sura nzima, na mteko sasa anamtembelea mchana, mwami akiwa machungani.