Baiskeli ya Fahari na Baiskeli ya Riziki

Majuma machache yaliyopita nilizuru maonyesho madogo ya baiskeli mtaani Lavington, jijini Nairobi. Zilikuwapo za milimani zenye matairi manene, za mashindano zilizo nyepesi ajabu, na za betri ambazo humsaidia mwendeshaji anapochoka kukanyaga. Waliozizingira walizungumzia mazoezi na matembezi ya Jumapili. Ni jambo la kufurahisha kuona chombo hiki kikirejeshewa heshima.

Hata hivyo, sisi tunaochunguza lugha hatuachi masikio nyumbani. Katika maonyesho hayo, kila sehemu ya baiskeli ilitajwa kwa Kiingereza. Ilhali ukifuata barabara ya Gitanga kuelekea Kawangware, mtaa jirani, utamkuta fundi kando ya njia akiziba pancha. Huyo atakutajia usukani, kanyagio, cheni, spoki na karia bila kusita. Baadhi ya maneno hayo ni ya mkopo, lakini yametoholewa yakawa yetu. Msamiati huishi pale kazi inapofanyika.

Majirani zetu nao wanatufunza. Waganda huiita baiskeli 'eggaali' na Wanyarwanda 'igare', maneno yanayotokana na 'gari'. Kwao baiskeli haikuwa mchezo. Ilikuwa gari lenyewe. Nasi hapa Kenya tunalo neno 'boda boda'. Lilianzia Busia, katika miaka ya sitini, kwa waendesha baiskeli waliowavusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda, wakinadi 'boda', yaani mpaka. Baadaye pikipiki zilipofurika nchini zililitwaa jina hilo. Leo mwanafunzi wa Nairobi akisikia 'boda boda' hafikirii baiskeli kamwe.

Ninachohofia ni kwamba aliyenyang'anywa jina ananyang'anywa njia pia. Kila alfajiri walinzi, watunza bustani na waashi hutoka Kawangware kwa baiskeli kwenda kazini Lavington na kwingineko. Hao hawaendi mazoezini, wanaokoa nauli. Husukumana na matatu na magari ya kibinafsi katika barabara ambazo aghalabu hazikuwatengea hata kijia. Na pale ambapo kijia kipo, mara nyingi hukatika ghafla au hugeuzwa maegesho.

Wala si kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hili. Mwaka wa 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliandaa sera kuhusu waendao kwa miguu na baiskeli, ikaahidi kuwatengea asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara. Ahadi ni deni.

Yamkini msomaji atasema kwamba baiskeli ni alama ya umaskini. La hasha! Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alifunzwa mbio hizo na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu, kisha akatwaa ubingwa wa Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Mnamo Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Jirani yetu hakuionea haya baiskeli.

Kwa hivyo nawaomba walimu mambo mawili. Kwanza, shule zitenge mahali salama pa kuegesha baiskeli, ili mwanafunzi anayekuja nayo asionekane kituko. Pili, walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi kwa mafundi wa baiskeli wakakusanye msamiati na kuutungia insha. Watarudi na maneno mengi ambayo hawajayaona vitabuni, na watamheshimu mwenye kuyatumia.

Nao wanaopanga mji wetu wasiyatazame maonyesho ya Lavington wakadhani wamemwona mwendesha baiskeli wa Nairobi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Baiskeli ya fahari na ikaribishwe, lakini kijia kianze kujengwa Kawangware, anakotoka yule ambaye asipofika kazini leo, watoto wake hulala njaa.