Waliokataa Kugoma

Usiku wa Jumamosi, tarehe 13 Julai 1991, wasichana wa shule ya mseto ya St. Kizito, Tigania, Meru, walijifungia katika bweni moja. Wavulana walikuwa wameitisha mgomo, nao wasichana wakakataa kushiriki. Walisukuma vitanda mlangoni. Mlango ukavunjwa. Kulipopambazuka, 19 walikuwa wamekufa, wengi kwa kukanyagwa na kukosa pumzi, na 71 walikuwa wamebakwa.

Rais Moi alipofika shuleni, naibu wa mwalimu mkuu alimweleza kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana. Walitaka kubaka tu. Maneno hayo yalizunguka dunia nzima. Tunayarudia hapa kwa sababu yalisema wazi jambo ambalo wengi walikuwa wakiliishi kimyakimya: kwamba kubakwa hakukuhesabiwa kuwa dhara.

Kila Julai inapofika tunahimizwa kuombea shule zetu amani. Tuombe, naam. Ila tukumbuke kwamba lau wasichana wale wangekubali kuburutwa kwenye mgomo, pengine St. Kizito ingeendelea kuitwa shule tulivu. Utulivu wa msichana anayeogopa kusema hapana hatuutaki. Marehemu wale waliikataa amri ya wenzao, na huo ulikuwa ujasiri. Tunapowakumbuka kama wahanga pekee tunawapunja.

Kenya ilichukua miaka 15 kupata Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopelekwa bungeni na mbunge Njoki Ndung'u na kupitishwa mwaka 2006. Sheria ikawepo, mafaili yakalala vituoni. Hapo ndipo watoto wa kike walionajisiwa, wakiwa pamoja na shirika la Ripples International, walipowashtaki polisi wenyewe. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau aliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Hukumu hiyo ilitolewa katika Mahakama Kuu ya Meru, kaunti ileile walikofia mabinti wa St. Kizito. Ingestahili kufundishwa katika kila darasa la hapa kwetu, na sijui kwa nini tunaona haya kujivunia jambo jema kama hilo.

Hata hivyo, kutoka Maua hadi Siakago, bado zipo familia zinazokaa chini ya mti na kumaliza kesi ya unajisi kwa mbuzi na fedha kidogo, mtoto mwenyewe asiulizwe neno. Wanaofanya hivyo husema wanalinda amani ya ujirani. Toleo hili linawapinga, ukurasa baada ya ukurasa.

Muhula wa pili ndio msimu wa migomo. Bodi za shule za Meru na Embu zikague mabweni na walinzi sasa, kabla ya fununu ya kwanza. Nanyi wazazi wenye wavulana, wasimulieni habari za St. Kizito kabla hawajafunga masanduku. Waambieni wasichana wale walikataa, na walikuwa na haki ya kukataa.