Indonesia wanachoma mitumba, vijana wanazidi kuivaa

Kama unaijua Karume ya Dar au Gikomba ya Nairobi, basi Pasar Senen ya Jakarta haitakushangaza. Jaketi, jinzi na fulana zilizovaliwa Japani na Korea Kusini zimejaa, vijana wanapekua. Bandung wana soko la Gedebage. Makassar mitumba inaitwa cakar, Yogyakarta inaitwa awul-awul.

Tofauti na kwetu ni hii: Indonesia, kuingiza mitumba ni marufuku. Sheria ya biashara ya 2014 inataka bidhaa zinazoagizwa ziwe mpya, na mwaka 2015 wizara ya biashara ikataja kabisa nguo zilizotumika.

Mbona bado zipo? Kwa sababu kijana wa leo haoni aibu kuvaa mtumba. Zamani ilikuwa nguo ya asiye na hela. Sasa anatafuta jaketi ambayo mtaa mzima hakuna mwingine anayo, tena kwa bei anayoimudu. Wengine wananunua robota zima, wanafua, wanapiga pasi, wanauza Instagram na TikTok. Ni fasheni na ni ajira.

Machi 2023, Rais wa wakati huo Joko Widodo alisema biashara hiyo inavuruga viwanda vya nguo vya ndani. Siku chache baadaye Waziri wa Biashara Zulkifli Hasan alikuwa mbele ya kamera, marobota yakiteketea.

Moto haukumaliza kazi. Mwishoni mwa 2025, Waziri wa Fedha Purbaya Yudhi Sadewa alilalamika kwamba serikali inapata hasara mara mbili: inalipia kuteketeza mzigo, halafu inawalisha wafungwa. Yeye anataka waagizaji wapigwe faini na kufungiwa. Wauzaji nao wakaenda bungeni kuomba wahalalishwe, walipe kodi. Purbaya akakataa.

Tusiwe wepesi kuicheka serikali. Machi 2025 kampuni kubwa ya nguo, Sritex, ilifunga milango na zaidi ya watu 10,000 wakapoteza kazi. Hao nao wana watoto wa kulisha.

Lakini Sritex ilizama kwenye madeni. Juu ya hapo, viwanda vya Indonesia vinabanwa na nguo mpya za bei poa kutoka China. Huwezi kuzilaumu fulana kuukuu peke yake.

Hata Afrika Mashariki tumeliona hili. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru. Kila njia ina gharama yake.

Swali ni nani anailipa. Mwagizaji mkubwa haonekani sokoni. Anayeonekana ni kijana aliyeweka mtaji wake wote kwenye robota moja, na yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Na siyo kwamba vijana wa Indonesia wanachukia vya kwao. Erigo, chapa ya nyumbani, wanaivaa sana kwa sababu inapendeza na bei wanaiweza. Hapo ndipo pa kuanzia. Nguo ya kiwandani ikiwa nzuri na nafuu, mtumba utapata mpinzani wa kweli. Kiberiti peke yake kimeshindwa.