Msako wa jumla hautulindi

Ndugu mwandishi, unaposema haki za raia zisubiri hadi ugaidi uishe, sikubaliani nawe. Baada ya shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa, serikali ya Kenya ilianzisha operesheni ya Usalama Watch Aprili 2014. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mtaani Eastleigh na kwingineko, wengine wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Je, ilituokoa? Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tahadhari zilikuwa zimeshatolewa, na bado kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Polisi hawakukosa mamlaka ya kukamata watu. Taarifa zilizokuwepo ndizo hazikufanyiwa kazi.

Na taarifa hutoka kwa wananchi: muuza duka wa mtaani humwona mgeni wa kutiliwa shaka kabla ya polisi. Akishasumbuliwa na kudaiwa hongo kwa sababu ya kabila lake, hatapiga ripoti. Ndiyo maana Mahakama Kuu ilipofuta vifungu vinane vya sheria ya usalama Februari 2015, haikuwatetea magaidi, ilitukinga sote. Mshukiwa akamatwe kwa ushahidi, afikishwe kortini. Hapo wananchi watasimama na polisi.